Baiskeli bila magari kwenye mji wa pwani: jinsi ya kuzitafuta njia, kuziunga na kuzipita salama

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kutafuta njia za kuendesha baiskeli bila kupigiwa honi nilikuwa nauliza watu "jamani hapa baiskeli inapita wapi", na kila mtu ananitajia barabara ile ile yenye malori, labda na bega la lami la nusu mita pembeni ambalo nalo limejaa magari yaliyopaki. Mambo yalibadilika nilipogeuza swali. Usiulize baiskeli inapita wapi, uliza gari linashindwa wapi. Kila kipande kisicho na magari kina sababu yake, kuna kitu kimelizuia gari pale: maji, mchanga, wembamba wa njia, geti, ngazi, au reli ya zamani ambayo haikujengewa magari. Na miji ya pwani imebarikiwa kwa hivyo vizuizi kwa sababu upande mzima wa mji ni bahari.

Ila shika na upande wa pili wa hilo jambo: kile kile kilichomshinda mwenye gari ndicho kitakachokusumbua wewe. Kama ni maji, utashughulika na maji kupwa na kujaa. Kama ni mchanga, utashughulika na tairi. Kama ni geti, utashughulika na mwenye geti. Kwa hiyo ukishajua kwa nini gari halipo, tayari umeshajua ujiandae na nini. Mwongozo wote huu umekaa juu ya hilo.

Hatua ya 1: kaa chini na ramani, winda vizuizi

Fungua ramani kwenye kompyuta, sio simu, skrini kubwa inasaidia sana hapa. Mimi napenda OpenStreetMap, ile ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, kwa sababu inaonyesha vinjia ambavyo ramani za magari hazina shida navyo. Upande wa kulia kuna kitufe cha kubadilisha sura ya ramani, chagua ile inayoitwa CyclOSM, hapo njia za baiskeli na vichochoro vinajitokeza vizuri zaidi. Mistari ya vitone vitone au vipande vipande ndiyo mali yako, hiyo ndiyo njia za miguu, njia za shamba na za msituni.

Sasa tafuta hivi vitu kwa mpangilio huu.

Cha kwanza, reli ya zamani. Hii ndiyo dhahabu kabisa. Treni lina magurudumu ya chuma juu ya chuma, halina mshiko wa kupanda mlima, kwa hiyo wajenzi wa reli walilazimika kulala na ardhi: mwinuko mara chache unazidi asilimia 2 au 3, yaani unapanda mita mbili au tatu kwa kila mita mia. Wewe unayekuja na baiskeli miaka mingi baadaye unarithi kazi yote ile bure, kona pana, madaraja, mitaro ya maji. Na miji mingi ya bandari iliwahi kuwa na reli ya kushusha mizigo. Uhispania walianza mradi wa kugeuza reli zilizokufa kuwa njia za baiskeli na miguu mwaka 1993, wanaziita Vías Verdes, na sasa zimepita kilomita 3,000. Uingereza kuna Camel Trail inayotoka mji mdogo wa pwani wa Padstow ikifuata mdomo wa mto, treni la abiria liliacha kufika pale 1967, sasa ni njia ya baiskeli na miguu (jina halina uhusiano na ngamia, ni mto unaitwa Camel). Kwenye ramani, reli iliyokufa utaitambua kwa mstari ulionyooka kupita kiasi, unaokata mashamba bila kujali mipaka, au mstari wa miti mirefu usioeleweka umepandwa kwa nini. Kama mataruma na kokoto bado zipo hapo chini, sahau, utatetemeka mpaka meno, angalia kama kuna kanjia pembeni yake.

Cha pili, kingo za maji: tuta la kuzuia mafuriko, ukuta wa bahari, ukingo wa mto, njia za kati ya mashamba ya chumvi, njia ya kukagua bomba la maji. Hizi zilijengwa ili fundi apite na kifaa chake, sio ili watu wapite na gari kila siku, kwa hiyo mara nyingi ni tambarare na kavu kuliko ardhi inayozunguka. Cha tatu, njia za shamba na msitu. Cha nne, ufukwe wenyewe, lakini huo nauweka mwisho makusudi, ngoja tutafika.

Kila ukikiona kipande kichore. Usijali kwamba havijaungana, siku ya kwanza utakuwa na vipande sita saba vimetawanyika kama viraka kwenye nguo.

Hatua ya 2: hakiki ukiwa bado umekaa

Ramani inadanganya, sio kwa ubaya, ni kwamba mtu alichora miaka kumi iliyopita na tangu hapo mto umekula tuta au mtu ameweka ukuta. Kwa hiyo badili uende kwenye picha ya setelaiti, sogeza karibu, fuata mstari wako wote kwa jicho. Unatafuta rangi: njia inayotumika inakuwa nyeupe au kahawia iliyokolea katikati ya kijani, njia iliyokufa inaanza kufifia na majani. Mistari miwili sambamba maana yake trekta au gari linapita, mstari mmoja mwembamba maana yake ni miguu na baiskeli. Huo mmoja ndio unaoutaka.

Halafu angalia ramani ya joto ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi ya baiskeli na mbio, ile inayong'aa pale watu wengi walipopita na programu yao. Inasaidia lakini isome kwa akili, inaonyesha watu wenye programu tu, yule mzee anayepita pale kila asubuhi na baiskeli yake ya chuma hayumo mle. Mahali pasipong'aa haimaanishi hapapitiki. Na mahali panapong'aa sana wakati mwingine ni barabara kuu, wale wa mbio wanapenda lami.

Ukimaliza, pakua ramani ya eneo zima kwenye simu kwa programu inayofanya kazi bila intaneti, OsmAnd au Organic Maps zote zinafaa, maana ukishaingia kwenye mikoko au nyuma ya matuta ya mchanga mtandao unakata na wewe unabaki umeshika simu juu kama unaomba mvua.

Hatua ya 3: mishono

Hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na mimi nawaelewa. Una vipande vizuri sita, lakini kati ya kimoja na kingine kuna mita 400 za barabara kuu, au mzunguko wa magari, au daraja jembamba. Mimi naiita mishono. Njia nzima ina ubora wa mshono wake mbaya kuliko yote, kwa sababu ukiwa na mtoto au mtu mwoga nyuma yako, hizo mita 400 ndizo zitakazoamua kama atarudi tena wiki ijayo.

Kwa hiyo mishono ikague peke yake, kabla ya safari yenyewe. Nenda siku ile ile na saa ile ile unayopanga kupita, maana barabara ya bandari Jumapili asubuhi ni uwanja mtupu na Jumatatu asubuhi ni malori matupu. Kwa kila mshono nina maswali yangu matatu tu: naweza kuukwepa hata kwa kuzunguka kilomita nzima zaidi? Nikishindwa kuukwepa, naweza kushuka nikasukuma baiskeli pembeni kwa miguu? Nikishindwa hilo pia, naona gari likija kwa umbali gani? Majibu yote matatu yakiwa mabaya, huo mshono usiushone, geuza safari yako iwe ya kwenda na kurudi kwenye kipande kimoja. Hakuna aibu. Kilomita 8 za kwenda na 8 za kurudi kando ya maji hazichoshi, upande wa kurudi mwanga umebadilika na kila kitu kinaonekana kipya.

Kitu kimoja kuhusu mishono ya bandarini: reli zilizolala ndani ya lami. Ule mfereji pembeni ya chuma una upana wa kumeza tairi la baiskeli vizuri kabisa, na chuma kikilowa kinateleza kama sabuni. Zivuke ukiwa umezikata msalaba kabisa, usizivuke kwa mshazari hata kama kona inakuvuta huko. Punguza mwendo, geuza baiskeli kwanza, ndio uvuke.

Na mageti. Geti lililofungwa na mnyororo ni jibu, rudi. Geti lililorudishiwa tu, ulizia, na ukiruhusiwa liache kama ulivyolikuta. Nimepata ruhusa sehemu nyingi kwa kusalimia tu na kueleza ninaenda wapi, na nimeona njia nzuri ikifungwa moja kwa moja kwa sababu kundi la watu walipita usiku na spika zao.

Hatua ya 4: yajue maji kabla hujagusa ufukwe

Ufukwe ni barabara inayofunguliwa na kufungwa mara mbili kwa siku, na ratiba yake haikungojei. Pwani nyingi duniani maji yanajaa na kupwa mara mbili kila siku, kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika kumi na kitu, kwa hiyo kila siku inayofuata wakati unasogea mbele kama dakika 50. Leo maji yamekupwa mwisho saa nne asubuhi, kesho ni karibu saa tano kasoro dakika kumi. Pata jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe, na soma vizuri saa zake, majedwali yanaandikwa kwa saa za kizungu, 10:00 pale ni saa nne. Unacheka lakini kuna watu wamefika ufukweni wakakuta bahari imejaa mpaka ukutani kwa sababu hiyo tu.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui: maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya muda wa kujaa kwenye saa sita, saa ya kwanza yanapanda sehemu moja ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Tuseme tofauti ya kupwa na kujaa siku hiyo ni mita 3. Saa ya kwanza utaona sentimita 25 tu, utajiambia ah mbona bado, saa ya tatu yanakuja sentimita 75 ndani ya saa moja. Kwenye ufukwe bapa unaoteremka mita 1 kwa kila mita 50, hizo sentimita 75 zinameza karibu mita 37 za ufukwe wako. Ule uvivu wa saa ya kwanza ndio mtego.

Sheria yangu: naingia saa moja na nusu kabla ya maji kufika chini kabisa, natoka kabla haijapita saa moja na nusu baada yake. Saa tatu jumla. Kwa mwendo wa mchangani, ambao ni kilomita 10 hadi 12 kwa saa kama mambo ni mazuri, saa tatu zinatosha sana, na zinabakiza muda wa pancha.

Bamvu na maji mafu nazo zina maana kubwa kwa mwendesha baiskeli. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku moja mbili baada yake, kuna bamvu: maji yanajaa sana na yanakupwa mbali sana, kwa hiyo barabara yako ya mchanga inakuwa pana kuliko siku zote, lakini yakirudi yanarudi kwa kasi na yanafika juu. Katikati ya hapo ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na kuna fukwe ambazo siku za maji mafu hazifunguki kabisa. Halafu kuna siri moja tamu: mahali pamoja, maji ya bamvu yanakupwa karibu saa zile zile za siku, kila bamvu. Ukishajua kwamba kwenu bamvu linakupwa saa nne au saa tano asubuhi, basi mwezi ujao angalia tu mbingu, jedwali liwe la kuhakikishia.

Tofauti kati ya pwani na pwani ni kubwa mno, usibebe uzoefu wa huku ukaupeleka kule. Bahari ya Mediterania sehemu nyingi maji hayachezi hata nusu mita, wakati Bay of Fundy kule Kanada yanapanda na kushuka hadi mita 16. Na hali ya hewa inaongeza yake: kanieneo ya hewa ikishuka kidogo bahari inanyanyuka, karibu sentimita 1 kwa kila milibari 1, na upepo mkali wa kutoka baharini unayasukuma maji juu zaidi ya jedwali. Siku ya dhoruba jedwali ni karatasi tu.

Mwisho wa hatua hii, na naomba uichukulie kwa uzito: kabla ya kuingia kwenye ufukwe wenye majabali au ukuta nyuma yake, hesabu milango ya kutokea. Ngazi iko wapi, kinjia kiko wapi, kila baada ya umbali gani. Niliwahi kuzunguka rasi moja nikajua nina muda, nikapata pancha upande wa pili, nikaziba kwa utulivu kabisa huku napiga picha, nilipogeuka ile rasi niliyoizunguka ilikuwa tayari inapigwa na mawimbi magotini. Nilipita nimebeba baiskeli begani, maji yananifika mapajani, na viatu vyangu sikuviona tena vikiwa na hali njema. Tangu siku hiyo kipande kirefu kisicho na mlango wa kutokea nakipita kikiwa cha kwanza, maji yakiwa bado yanaondoka, sio yakianza kurudi.

Hatua ya 5: kuusoma mchanga

Mchanga mkavu wa juu ni laini, hapo utasukuma baiskeli. Mchanga wa chini kabisa unaolambwa na wimbi umeshiba maji, nao unazama. Katikati kuna ukanda mmoja, wakati mwingine mita 10, wakati mwingine mita 3, ambao umelowa lakini mng'ao wa maji umeshaondoka. Huo ndio barabara.

Namna ya kuupima: kanyaga kwa nguvu kisha uangalie pembeni ya kiatu chako. Kama mchanga unaozunguka mguu unapauka ghafla, unakuwa mweupe kama umekauka, uko imara, chembe zimebanana na ukizikandamiza zinalazimika kuachana kidogo na kuvuta maji chini. Mhandisi Osborne Reynolds alilieleza hili jambo mwaka 1885 na bado ni kipimo kizuri kuliko kifaa chochote. Kama badala yake mchanga unang'aa na maji yanachuruzika juu kuzunguka mguu, usipite, tairi litazama hapo hapo. Ukishafanya hivi mara kumi jicho linajifunza lenyewe na unaanza kuona mstari mgumu ukiwa juu ya baiskeli.

Upepo wa tairi ndio unaofuata. Tairi la inchi 2 na zaidi kidogo, kwenye mchanga mgumu shusha mpaka kama PSI 20 hadi 25 (PSI ni kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu). Yale matairi manene ya inchi 4 watu wanashusha mpaka 6 au 8 kwenye mchanga laini, ukiligusa unahisi kama mto wa kulalia. Tairi jembamba la barabarani, usijaribu, sio suala la ufundi, litakata mchanga kama kisu. Beba pampu yenye geji, kwa sababu ukirudi kwenye lami na tairi limelegea hivyo, rimu itagonga kwenye shimo la kwanza na tyubu inapata ile pancha ya matundu mawili.

Ukiwa ndani ya mchanga: gia nyepesi kabla hujafika pale laini, sio ukishakwama. Kalia nyuma kidogo, mikono iwe legevu, acha gurudumu la mbele litafute njia lenyewe, kanyaga mzunguko laini usiokatika. Usikate kona kali na usishike breki ya mbele. Ukihisi unazama ongeza kukanyaga, usiongeze kushika usukani.

Na kamba! Kamba ya nanga inayotoka kwenye mashua mpaka mtini au kwenye kigingi juu, imelowa, imejipaka mchanga, rangi yake na ya ufukwe ni moja. Ukiangalia mbele ya tairi tu huioni. Angalia mashua badala yake: kila mashua iliyo karibu ina kamba inayoenda mahali, itafute kabla hujafika. Na maji yakikupwa kamba inalala chini lakini mashua ikisukumwa na wimbi inanyanyuka ghafla, kwa hiyo usiikanyage kwa mwendo, shuka.

Hatua ya 6: upepo, na kwa nini asubuhi

Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko bahari, hewa ya juu ya nchi inapanda, hewa baridi ya baharini inakuja kujaza nafasi. Ndio upepo wa bahari, unaanza asubuhi ikishaiva, unakuwa mkali alasiri, unazimika jua likishuka. Ni hivyo karibu pwani zote zenye jua, ukiacha siku ambazo upepo mkubwa wa msimu unatawala kila kitu.

Kwa baiskeli upepo ni mlima usioonekana. Ukuta wa hewa unaongezeka kwa mraba wa kasi yake dhidi yako, kwa hiyo ukienda kilomita 20 kwa saa huku upepo wa kilomita 20 kwa saa unakuja usoni, hewa inakugonga kama unaenda 40, na ukuta ni mara nne ya siku tulivu. Sio mara mbili, mara nne. Sasa fikiria: mji uko pwani, wewe umeenda bara kwa ile reli ya zamani, unarudi nyumbani saa tisa alasiri, upepo wa bahari unatoka wapi? Unatoka nyumbani. Utarudi unaukata mwanzo mwisho ukiwa umeshachoka. Kwa hiyo kipande cha kwenda bara kifanye alfajiri na uwe umegeuka kabla ya saa nne, na alasiri bakia kwenye njia inayolala sambamba na ufukwe, huko upepo unakupiga ubavuni, unaudhi lakini haukumalizi. Kama upepo wa siku hiyo unafuata mstari wa pwani, anza kwa kuukabili ukiwa na nguvu, urudi unasukumwa.

Na ule ubaridi wa upepo wa bahari unadanganya ngozi. Jua linakuchoma na huhisi. Kofia, mikono mirefu, maji nusu lita mpaka lita moja kwa saa kukiwa na joto, unywe kabla ya kiu.

Hatua ya 7: mzigo

Kifupi: tyubu moja mpya ya ziada, viraka na solusheni, vya kubanulia tairi, pampu, alenki za saizi za baiskeli yako, taa mbele na nyuma hata kama unatoka mchana, mfuko wa plastiki wa simu, na kitambaa kikavu. Hicho kitambaa utakitumia kuliko vingine vyote, kufuta mchanga kwenye tairi kabla ya kuweka kiraka, maana chembe moja ya mchanga iliyobaki ndani ya tairi inaweza kutoboa tyubu mpya.

Hatua ya 8: watu mliokutana nao huko

Gari likiondoka, wewe ndiye unakuwa gari. Kwenye njia ya miguu wewe ndiye mwenye kasi, mwenye chuma, anayetisha watoto. Wapite watu kwa mwendo wa kutembea, piga kengele ukiwa mbali, mita 20 hivi, sio mgongoni mwao, ukipiga ukiwa karibu mtu anaruka na kawaida anarukia upande wako. Kusalimia kwa sauti kunafanya kazi vizuri kuliko kengele. Penye alama fuata alama: kwenye ukuta wa bahari wa Stanley Park, Vancouver, baiskeli zote zinazunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa saa, na wanaotembea wana mstari wao, ndio maana watu wengi vile wanapita bila kugongana.

Wavuvi wa mshipi wanahitaji aya yao. Usimwangalie mvuvi, angalia nyuma yake. Akitaka kurusha anarudisha fimbo nyuma kwanza, na ndoana inapita pale pale unapotaka kupita wewe, kwa kimo cha uso. Simama, msubiri arushe, ndio upite. Mshipi uliokwisha kutupwa ukining'inia chini, pita nyuma ya mvuvi, usipite chini ya mshipi.

Pwani zenye kasa wanaotaga, usiku usiende kabisa, na mchana usipite juu ya mstari wa maji kujaa kwa sababu viota viko huko juu kwenye mchanga mkavu na huvioni. Ndege wa ufukweni ni hivyo hivyo, ndege akianza kukuzunguka anapiga kelele au anajifanya amevunjika bawa, uko karibu na mayai yake, teremka chini kwenye mchanga uliolowa.

Kitu cha kijani kwenye zege la mteremko wa kushushia boti ni mwani, shuka tembea. Mbao za daraja zikilowa, usikate kona wala kushika breki juu yake. Haya mawili ndiyo yanayoangusha watu, kuliko mchanga.

Hatua ya 9: rekodi, kisha ipunguze

Safari ya kwanza washa rekodi ya GPS. Ukirudi weka alama kwenye faili: milango ya kutokea, maji ya kunywa, kivuli, mshono mbaya, saa za maji ulizoingia. Watu wengi wakishapata njia wanataka kuirefusha, mimi nakushauri uikate. Toa kile kipande ulichokivumilia tu. Njia ya kilomita 14 ambayo yote ni nzuri utaipita kila wiki, ya kilomita 35 yenye kipande cha kutisha utaipita mara mbili kwa mwaka. Njia yenye umbo la nane inayopita nyumbani katikati ni nzuri kuliko duara moja kubwa, aliyechoka anaishia nusu.

Hatua ya 10: chumvi, siku hiyo hiyo

Sio kesho. Chumvi inavuta unyevu hewani, hata baiskeli ikikauka kwa macho inaendelea kula chuma usiku kucha. Mwagia maji baridi yasiyo na chumvi, kwa ndoo au mpira wenye maji ya taratibu, juu kuja chini. Usitumie mashine ya kuoshea magari, presha ile inasukuma maji ya chumvi na mchanga ndani ya beringi badala ya kuvitoa. Zungusha pedeli nyuma huku unamwagia mnyororo mpaka maji yatoke safi, futa, acha ukauke, ndio utie mafuta, tone moja kila kiungo, kisha futa ya nje yote kwa sababu mafuta yaliyobaki nje yanakamata mchanga na yanageuka msasa.

Mara moja kwa mwezi legeza bomba la siti, litoe lote, futa, paka grisi, rudisha. Kama fremu ni ya chuma na bomba ni la aluminiamu, chumvi ikiingia kati yao vinaanza kulana na kushikana. Langu lilikaa miaka miwili bila kuguswa. Nilipotaka kushusha siti ili mdogo wangu aendeshe, tulilivuta wawili, tukamwagia maji ya moto, fundi akalibana kwenye jiliwa na kugeuza fremu nzima kama usukani, likatoka na mlio ambao sijausahau, na fremu ikabaki na mpasuko mdogo chini ya siti. Grisi ya kijiko kimoja ingetosha.